Tabaka la Tisa

Sikuchonga hata bamba moja.
Kazi yangu mimi ni saa:
saa tano asubuhi hapa Hamburg, mvua ikigonga dirisha,
ni saa moja jioni kwa Kiyohiko kule Matsumoto,
chakula kimeshapakuliwa, kinapoa;
ni saa tisa na nusu alasiri kwa Revathi wa Chennai,
feni inamkatakata sauti;
na Marlys wa Illinois, saa kumi alfajiri,
anaingia mkutanoni na blanketi mabegani,
hajui bado kama ni jana au leo.
Nawauliza wote: mnanisikia?
Miaka mitatu sasa, hilo ndilo neno langu kubwa.

Kitu chenyewe si kikubwa.
Kimo cha mtoto wa darasa la pili,
matabaka kumi na manne ya silikoni na risasi.
Kielelezo tu, nawaambia wenye fedha,
kitangulizi cha kigunduzi ambacho hakijazaliwa
(na huenda kisizaliwe; hilo siwaambii).
Kipitiwe na chembe isiyoonekana,
kiusome unyayo wake, kiandike: ilikuwa hapa.

Mabamba yakaja kwa posta.
La Praha lilifungwa kwa magazeti ya michezo.
La Chennai lilinukia kafuri.
La Matsumoto lilikaa forodhani siku kumi na tisa
kwa kuwa karani aliuliza bei yake sokoni,
na hakuna soko.

Hatimaye likafika. Likakataa kuingia.
Bohumil alilisukuma mara moja, akasita,
akapima, akapima tena, akanitazama.
Limezidi unene, akasema,
nne ya kumi ya milimita.
Unene wa kadi ya harusi.

Nilirudi mezani nikafukua barua.
Nikaiona, ya mwezi Machi, jina langu chini yake:
Wiebke Harmsen, mratibu.
Mchoro niliompelekea Kiyohiko ulikuwa wa zamani.

Kujikwaa si kuanguka, husema watu.
Mimi nilianguka, tena mbele za watu,
saa tano asubuhi, saa moja jioni,
saa tisa na nusu, saa kumi alfajiri:
nilianguka mara nne kwa wakati mmoja.
Kimya kikafuata. Na kimya cha mbali si kama cha chumbani,
hujui kama ni hasira
au ni kebo imekatika.

Kisha Kiyohiko, polepole:
Namba ile niliitilia shaka tangu siku ya kwanza.
Niliona haya kuuliza.

Basi tukawa wawili.

Bohumil hakusema kitu. Alivua saa yake,
akachukua tupa, akaulalia mwanya wa fremu
usiku tatu mfululizo, vumbi la alumini nyusini,
mpaka bamba likateleza ndani
kama barua ndani ya bahasha yake.

Zamu yetu ya mwale bado wiki mbili.
Tukakigeuza kikatazama juu, 
tukasubiri muoni za angani, ambazo hazidai kodi
wala hazijazi fomu.
Saa nane usiku ikaja moja.
Kwenye kioo, vitone: moja, mbili, tatu,
Praha, Chennai, Matsumoto, vikishuka mshazari
kama uzi uliovutwa na mtu mwenye mkono mtulivu,
sita, saba, nane,

kumi, kumi na moja, hadi chini kabisa.

Revathi ndiye aliyeuliza.
La tisa ni la nani?

La tisa ni letu. La hapa hapa.
Limetengenezwa vyumba viwili kutoka meza yangu,
halikupanda ndege, halikulala forodhani,
na sikulitumia barua hata moja
nikidhani waliomo ndani ya nyumba
hawahitaji kuulizwa.

Nimeshuka ngazi. Nimebisha.
Ndani kuna kijana na kikombe cha kahawa,
jina lake, naona haya, inabidi nilisome kwenye beji.
Tjark, nasema. Unanisikia?