Mkaguzi wa Majina

Miaka kumi na tisa nilikaa mwisho wa mashine,
kiwanda cha khanga, Tabata, banda la pili,
kazi yangu kusoma.
Pindo lilikuwa na mtu wake, mji ulikuwa na mtu wake,
mimi nilipewa jina.
Maneno yalikuja yamelowa rangi,
nayasoma kabla hayajakauka,
herufi ikikosewa nainua mkono
na Masunga anazima mtambo.

Sasa napiga deki uwanja wa ndege
na bado nasoma.
Ubao unapepesa: Mumbai. Guangzhou. Songea, imechelewa.
Nainua mkono.
Hakuna anayezima kitu.

Kwenye viti vya kusubiri watu wanaomba njia
kama wanavyoomba mvua.
Shaweji wa Kariakoo anataka Guangzhou kila siku,
"Mzigo haujui Jumapili, mama."
Muuguzi mmoja anataka Songea hadi Mtwara bila kupitia huku:
"Namtafuta jirani, kwa nini nizunguke kwa mjomba?"
Na mzee mwenye suti ya kijivu anataka London moja kwa moja,
asishuke popote, asibadilishe kiti,
mkononi ana tiketi ya Dodoma.

Ndege mpya ilipokuja tulipewa bendera ndogo.
Zimamoto wakaimwagia maji kama bibi harusi.
Nilipiga makofi. Nilipiga kweli,
viganja vikawasha hadi jioni.
Kijana wa mizigo akaninong'oneza:
"Hii nayo inakula hasara, Bi Sikudhani."
Nikamwambia najua.
Hasara ya angani ina twiga mkiani, inaitwa uwekezaji.
Ya kwetu ilikuwa na panya,
ikaitwa hasara.

Sisemi tulionewa.
Serikali ilituletea fedha mara mbili
na mara mbili fedha ziliota miguu.
Kaijage wa uhasibu alinunua vipuri
ambavyo mpaka leo viko njiani.
Zamu ya usiku ililala juu ya marobota.
Na mimi, Mungu ananiona,
nilitoka getini na doti mbili chini ya gauni
mwezi ule mshahara ulipokwama.

Mtoto mgonjwa hanyimwi dawa
eti kwa kuwa aliiba sukari.
Sawa.
Na akipona, akaiba tena?
Hapo ndipo ninapokwama kila siku,
na ndoo yangu, kati ya choo cha wanaume na mlango namba nne.

Masunga alirudi kwao Maswa, analima pamba.
Pamba yake inapita bandarini uchi,
inarudi imevaa,
na nauli ya kwenda na kurudi tunailipa sisi, wavaaji.
Wangeniuliza mimi njia ninayoitaka
(hawaniulizi, wananiambia pale pana unyevu)
ningesema: Maswa, Tabata.
Isimame mara moja tu,
kwenye pipa la rangi.

Juzi Shaweji katua, robota moja limepasuka,
akachomoa khanga moja, akanitandikia begani.
"Bi mkubwa, wewe fundi. Hebu niambie."
Pindo zuri. Mji umetulia, korosho nyekundu kwenye weupe.
Nikashuka kwenye jina:
WEMA HAUUZI.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta.
Hauozi, baba! Wema hauozi!
Herufi moja, na busara ya bibi yangu
imegeuka hesabu ya duka.
"Ziko ngapi?"
"Elfu nne," akasema, na uso ukamshuka.

Nikachukua kalamu ya karatasi ya zamu,
nikainama juu ya ile U ya pili,
nikaifunga mdomo kwa juu,
ikawa O.
Shaweji akahesabu vidole, akaniuliza:
kwa elfu nne, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi?

Sikumjibu.
Rangi ilikuwa imekauka zamani, huko ilikotoka,
na mimi nilikuwa nimesimama na kalamu ya serikali,
sijui nimekisaidia kiwanda cha nani.