Vidole Sita

Oman hakuna fuko. Huyu amekuja kwa ndege,
ndani ya chupa ya spiriti, na karatasi za forodha
zenye mihuri mitatu na swali: ana sumu?
Hana. Ana mabega tu.

Hapa Al-Khoud namlaza kwenye sinia la nta, namvua ngozi,
mahameli isiyo na mbele wala nyuma.
Kushoto kwake kirukanjia wa maghala ya Matrah,
kulia kalunguyeye aliyegongwa na gari barabara ya Nizwa.
Ukoo mmoja, hawajawahi kusalimiana.

Mkono wa kirukanjia ni njiti ya kiberiti,
misuli yake uzi wa cherehani: wa kukimbia ukutani, basi.
Wa kalunguyeye ni mkono wa kibarua, hushika hiki na kile.
Lakini fuko! Mfupa wa juu, ambao kwetu ni mpini,
kwake ni mfupi, mpana, una mapembe,
nao hauendi mbele na nyuma. Hujizungusha
kama ufunguo katika kufuli lililoshika kutu.
Anayeuzungusha ni msuli mmoja
utokao kwenye ubao wa bega.
Naukata, naupima. Naupima tena.

Mama alipoona picha kwenye simu alisema,
"Fuko! Kama wa kwetu Tabora."
Si kama wa kwenu, mama. Yule huchimba kwa meno,
jamaa zake ni panya. Mmempa jina la mwenziwe
kwa sababu ya kazi.
"Na watu je, hawaitwi kwa kazi?"
Akaendelea kuchambua mchele.

Kweli. Baba wanamwita Muhenna wa Falaji.
Miaka thelathini chini ya Izki, kwa magoti,
akizibua mfereji kila udongo ulipoanguka.
Bega la kulia limepanda juu ya la kushoto
na mkono hauinuki tena: kanzu namvika mimi.
Jana, nikiupitisha, gumba langu likaukuta
nyuma ya kwapa, msuli uleule,
mgumu kama kokwa ya tende.
Nikasita.
"Nini?"
Nikamweleza: fuko, bega, na ule mfupa wa ziada
kama mundu, ubavuni mwa gumba,
kidole cha uongo cha kupanulia koleo.
"Anatafuta nini huko chini?"
"Nyungunyungu."
"Maji je?"
"Hapana."
Akakitazama kiganja chake.
"Vidole sita," akasema, "na hajamfikishia mtu maji."
Kisha: "Funga kifungo. Unanichelewesha."