Silabi Moja

Hatuna spika. Hatuna hata waya.
Gitaa la Kashindye lina ufa tumboni
uliozibwa kwa gundi ya fundi viatu.
Zeze la Nyamizi linanuka nta.
Na mimi, besi yangu ni sanduku la chai,
ufito wa mninga, na waya wa breki ya baiskeli.
(Niliposema hatuna waya
sikumaanisha huo.)

Tunapiga nyimbo zilizofiwa na wenyewe:
za wapagazi, za manamba, za watandika mataruma,
nyimbo zilizopita Tabora kama behewa la mizigo
linalobadilishiwa njia usiku wa manane,
kukicha hakuna anayejua
limekwenda Mwanza, Mpanda au Kigoma.

Dole gumba Kashindye alilisomea kwenye kaseti
ya Mmarekani mmoja wa mashamba ya pamba,
jina limefutika, karatasi imeliwa na mende.
Dole gumba, anasema, litembee
kama mkaguzi wa reli, hatua, hatua,
vidole vingine viropoke vinavyotaka.
Kiingereza cha yule bwana hatukielewi.
Tunaelewa kwamba hakulipwa.

Basi tulikuwa na wimbo mmoja wa manamba,
tumeupata kwenye daftari la mjomba,
mwandiko wa penseli, ukingo umetafunwa na mchwa.
Zamani uliimbwa mbio mbio, watu wakitwanga.
Sisi tukaupunguza mwendo.
Tukauacha upumue.
Bwana anapanda treni kwenda kukata mkonge,
anamwambia mwanamke jukwaani: *nitarudi*,
na Nyamizi akifika hapo kwenye *ru*
huishikilia mpaka mtu anatazama viatu vyake.
Pale Ng'ambo karani wa tumbaku alilia waziwazi
akatupa elfu kumi, akaomba tusimrudishie chenji
kana kwamba tulikuwa nayo.

Jumamosi ile tulipiga stesheni,
kwenye ghala la zamani la mizigo.
Treni imechelewa saa sita,
abiria wamelalia mabegi yao,
na Bi. Kalunde wa Isevya ameketi
juu ya dumu la asali ya miombo, anaipeleka Dodoma.
Tulipofika kwenye *ru*
akacheka.
Akacheka hadi kitenge kikamwanguka begani.

"Nani kawadanganya? Si *nitarudi*.
Ni *nitarudisha*.
Aliondoka na blanketi la mama yangu!
Jekundu, zito, limenunuliwa kwa madebe mawili ya nta.
Na Tanga kwenyewe nasikia ni joto.
La nini, sasa?"

Gitaa lilinyamaza lenyewe.
Nyamizi akauliza, polepole: "Akalirudisha?"

"Wapi!"
Akafunga kitenge. Akakaza kifuniko cha dumu
ambacho hakikuwa kimelegea.
"Wala yeye hakurudi.
Ila hilo la pili
hakuliahidi."

Treni ikaingia, ikamchukua na asali yake.
Sisi tukabaki na silabi moja ya ziada.
*Sha.*
Ndogo kama punje ya ulezi, na haina pa kukaa.
Kashindye akahesabu kwa vidole, akahesabu tena:
mstari umejaa, nyumba haina chumba.
Tukajaribu kuiminya, ikasikika kama chafya.
Tukajaribu kuivuta, ikawa kilio cha mbuzi.
Hadi Jumanne, nyuma ya kinyozi, nikasema
ichukueni nafasi yangu.
Pale ninapogonga pigo la nne
nitaacha waya utulie.

Siku hizi tunauimba hivyo.
*Nitarudi*, anasema Nyamizi, na watu
wanaanza kuinamisha vichwa,
kisha mimi siupigi,
kisha *sha*,
na blanketi jekundu linapita ukumbini
kwenye bega la mtu anayeharakisha.

Wachache hucheka. Wengine hukasirika.
Kijana wa Cheyo alitufuata hadi nje:
ule wa huzuni mmeupeleka wapi?

Tukamwambia ndio huu.
Hakuamini.
Akasimama pale mlangoni akiung'ong'ona,
mara mbili, mara tatu, na kila akifika pale
mkono wake ulipanda begani, wenyewe,
kama anayetafuta kitu alichokuwa amejifunika.