Unyoya Ndani ya Kioo

Shangazi Somoe alikuja nacho Ngamiani
kutoka mnada wa nyumba ya meneja wa mkonge:
chombo cha maua, shingo nyembamba,
kitakoni jina la Kimarekani asilolisoma.
Akatia miiko.

Mimi mchora piko. Mkono uliopita hapa naujua.
Uzi wa kioo cha moto ulizungushwa, duru juu ya duru,
kisha mtu, kabla haujapoa,
akauburuta kwa ncha ya kulabu, juu, chini,
mistari ikanyongeka ikawa manyoya.
Ndivyo nivutavyo kwa njiti ya ufagio
kiganjani mwa bibi harusi.

Na mng'aro huu, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi?
Mvuke wa bati, alisema Mwalimu Shemdoe,
kilifukizwa kingali chekundu.
Nikacheka. Kumbe nacho kilifukizwa,
kama nguo za mwari!

Penye shingo pana mkwaruzo laini:
tindikali ilikula nta isipofika.
Piko bovu nalo hula hivyo.
Nimeuona mkono.

Jana mnunuzi wa Chumbageni alitaja laki tatu.
Shangazi akachomoa mwiko, akaukung'uta:
"Na miiko yangu niiweke wapi?"