Kifungu cha Saba

Kurasa kumi na nne, Wete hapa ofisini,
nikaitwa nizione, nitie yangu saini.
Mwanasheria mnene kaketi chini ya feni.
Waya wao, bomba letu: upangaji wa shimoni.

Kifungu cha kwanza: kodi, hulipwa kwa mita moja.
Cha pili: apige hodi, wiki mbili kabla kuja.
Cha tano: akikaidi, hung'olewa bila hoja.
Cha sita: lebo ya njano, kila shimo, isochuja.

Cha saba ndicho kidonda: bomba ni hivyo lilivyo,
mmiliki hataunda, hata iwe vinginevyo.
Najua palipopinda, siyo hivyo wasomavyo.
Mtaro ule Limbani nilichimba, nijuavyo.

Lori la saruji lile likapita kabla fusi,
bomba likabanwa pale kama kopo la nanasi.
Msimamizi: "Yalale, fukia, twende kwa kasi."
Nikafukia. Koleo haliandiki nakisi.

Leo kalamu nashika, chai imekwisha tiwa.
Kijana wao Mbaraka, tai yake imelowa,
aniuliza: "Hakika, njia haikuzuiwa?"
Wakili anakohoa, kurasa zapekuliwa.

Sikujibu. Nikachora, kwenye kando ya cha saba,
kona, duka, barabara, pale bomba limeziba.
Wakili kafura sura: "Waharibu mkataba!"
Chini yake: Shoka Faki. Wino haukuwa haba.