Nukta ya Penseli

Ukijaza tangi, ramani ni bure.
Ndivyo kampuni ilivyoandika ukutani
pale kituo cha mafuta, njia ya kutoka Nakuru kwenda Molo,
mwaka ambao Obwaka, baba yangu,
alikuwa na sare moja na viatu vya kuazima.

Wageni walikuja na magari yenye mapezi kama samaki,
vumbi la Gilgil hadi kwenye kope.
Baadhi yao Wamarekani. Kwetu, walimwambia,
mtu haondoki nyumbani kwa msiba wala kwa deni,
anaondoka tu, aone njia inaishia wapi.
Baba alicheka wiki nzima.
Safari bila msiba!
Bila hata kuku wa kumpelekea mkwe!

Alipangusa kioo, akapima oili,
akawakunjulia karatasi juu ya boneti iliyochemka:
huku ziwa na heroe, huku Molo, baridi, vaeni sweta,
huku Londiani, Kericho, Ahero, mpaka Kisumu.
Mstari mwekundu ni lami.
Mstari wa vipande vipande, Mungu akipenda.
Na kati ya Kapsabet na Kisumu
weupe,
weupe mtupu, kama sahani iliyorambwa,
pale ambapo Shamakhokho ilikuwa na soko, na kinu cha posho,
na mama yake ameinama kwenye wimbi.

Basi akaanza.
Zamu ya usiku alizifungua ramani moja moja
akatia nukta ya penseli, ndogo kama yai la chawa,
akazikunja tena kwa mikunjo yake ileile,
kazi ambayo, alisema, ni ngumu kuliko kubadilisha gurudumu.
Bwana Noronha alipoigundua
alimkata mshahara wa siku nne: kuharibu mali ya kampuni.
Baba hakuacha.
Alichonga penseli zaidi.

Hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Ninayo moja, imechanika kwenye mikunjo,
Eldama Ravine imepasuka katikati
na Londiani ni tundu.
Simu yangu inaijua Shamakhokho, inanitajia hadi dakika.
Lakini mimi huwaza droo za Ohio, za Nebraska,
chini ya vitambaa vya meza na risiti za marehemu,
nukta mia nne, labda elfu, hakuzihesabu,
na mjukuu wa mtu anainamia karatasi,
anauliza uchafu huu ni wa nini,
analowesha kidole,
anasugua.