Tangazo la Saa Sita na Nusu

Redio inatoza kwa jina.
Majina kumi ya kwanza bei moja,
la kumi na moja unaongeza.
Mama anavua miwani, anaifuta kwa gauni jeusi,
ananiambia: "Andika. Usibane."

Theodule Marcellin, dereva wa lori la ndizi,
aliyejulikana zaidi kama Breki,
wa Dennery, zamani wa Choiseul.
Ameacha mke, Euphrasia. Ndiye huyu.
Ameacha watoto: mimi, Lucian, Verneta.
Nainua kalamu. Mama hajanyamaza.

"Hyacinth wa Laborie.
Mapacha wa Micoud, majina yao
muulize yule mwenye tanuri la mikate, aliwazaa yeye.
Kenrick aliyeko Kanada.
Na yule mdogo wa Anse la Raye;
sare za shule namnunulia mimi,
Septemba ya pili hii."

Naiona barabara nzima ya kusini:
kila mahali lori lilipopoza injini
pana mtu mwenye paji la uso la baba.

Hapa kisiwani mwanamume hazini,
"anatembea".
Kilabuni walimpigia baba meza,
wakahesabu dhumna na watoto wake
kwa sauti ileile.

Lakini Perpetua wa nyuma ya kanisa
alionekana mara moja, moja tu,
akishuka ngazi za mwalimu wa kinanda
alfajiri, viatu mkononi.
Miaka thelathini na moja wanamwita Viatu.
Binti zake: wa Viatu.
Wajukuu zake, wa Viatu.
Nililitamka jina hilo kwa adabu zote,
"Shikamoo, Mama Viatu,"
kabla sijajua ni tusi.
Naye aliitika.

"Umemaliza, mama?"
Shelisheli linaungua jikoni. Hakuna anayenyanyuka.

"Marafiki wa familia," anasema.
"Weka Alcide. Fundi wa saa, Castries."

Simfahamu.
Au namfahamu: mzee aliyetengeneza
saa yangu ya kipaimara, akakataa pesa,
akanishika mkono juu ya kioo cha meza
akavitazama vidole kimoja kimoja,
virefu, vyembamba,
vidole ambavyo Lucian hana,
Verneta hana.

"Rafiki tu?"
"Andika rafiki."
Anarudisha miwani usoni.
"Kitanda hakizai haramu," anasema,
"na baba yako ndiye aliyenifundisha methali hiyo.
Usiku uliozaliwa. Akakubeba,
akatoka nje kuwaonyesha watu."

Saa sita na nusu vijiko vitasimama hewani,
nchi nzima isikilize nani kaacha nani.
Dirishani kwa redio msichana anahesabu kwa ncha ya kalamu,
anafika kumi, anasita.

"Hili la mwisho lina malipo yake.
Nilifute?"

Nafungua pochi.